Ndaga Siyo Ndiyo

Mtungi wa naitrojeni, ule wa kugandishia mbegu za madume, nimekwisha kuukabidhi. Pikipiki nimekabidhi, na lile koti la mpira lililokuwa na harufu yangu kuliko mimi mwenyewe nimelikabidhi pia, ingawa aliyelipokea alilishika kwa vidole viwili. Yaliyobaki kwangu ni mambo ambayo hayana fomu ya makabidhiano. Ninyi vijana wa idara mmeniomba niyaandike, nami nimekaa mezani tangu asubuhi kama mtoto anayengoja sikukuu, kwa sababu maishani mwangu sijawahi kuombwa kuzungumzia ng'ombe bila kuambiwa baada ya dakika kumi kwamba yatosha.

Habari za vyeo sitaziandika. Namshukuru Mungu kwa kila hatua, lakini hakuna ng'ombe aliyewahi kushika mimba kwa sababu mhimilishaji amepata barua ya kupandishwa daraja. Nitawaandikia habari za mtamba mmoja ambaye alikuwa hajazaa na mama mmoja wa Kisiba, na za neno moja la Kinyakyusa ambalo nilidhani nalijua.

Mimi ni Mpare wa milimani. Kabla ya chuo cha mifugo nilisoma miaka miwili chuo cha wainjilisti, na wale wanaosema kwamba niliacha uinjilisti hawajawahi kunisikia nikieleza faida za uhimilishaji, yaani kumpa ng'ombe mimba kwa mrija bila dume. Barua yangu ya kwanza ya kazi ilisema niripoti Tukuyu, na chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu: "Nyumba ipo Bagamoyo." Nikafurahi sana. Bagamoyo niliyoijua mimi ilikuwa ya pwani. Sikuelewa mtu anawezaje kufanya kazi Tukuyu na kulala Bagamoyo, lakini nilikuwa mtumishi mpya, nikasema serikali ina sababu zake. Sweta langu nikampa mdogo wangu. Nikafunga mashati manne mepesi na kandambili.

Bagamoyo ya Tukuyu, kama mjuavyo, ni kata ya mji wetu huu huu, yenye nyumba na maduka yake, na bahari yake ni matope. Nilishuka kwenye basi kwenye mvua. Mvua ya Tukuyu haimkaribishi mgeni, inamkagua. Aliyenipokea alikuwa Mzee Gwakisa, mhimilishaji mkuu wa wilaya, mwembamba, mkono mmoja wa shati lake umekunjwa daima hadi begani. Aliniangalia, akaangalia kandambili zangu, akavua sweta lake akanivisha.

"Ndaga, mwanangu," akasema.

"Ndiyo," nikajibu.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Sikujua alichokuwa anachekea, na sikuuliza. Hapo ndipo tatizo langu lilipoanzia, nanyi mtaona.

Mzee Gwakisa hakunipa kitabu. Alinipa ndoo. Kila asubuhi alipita machinjioni akachukua vizazi vya ng'ombe waliochinjwa, akaniweka kitako nyuma ya ofisi, akanifunga macho kwa kitambaa. "Mkono ndio uone," alisema. Kazi yangu ilikuwa kutafuta mlango wa kizazi kwa vidole. Ni kitu kigumu, chenye pete pete, kama shingo ya kuku. Kisha nipitishe mrija katikati ya zile pete bila kutoboa kitu. Wiki mbili nilipapasa ndoo. Usiku nilishika shingo yangu mwenyewe usingizini.

Ng'ombe wangu wa kwanza aliye hai alikuwa wa mwalimu mmoja, kule Kinyala. Niliingiza mkono, nikatafuta, na mara ile shingo ya kuku ikaja yenyewe kiganjani, yenye joto, hai. Vijana, sijui niwaelezeje. Mrija ukapita pete ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilirudi Tukuyu nikiimba tenzi juu ya pikipiki, na nilipopima mimba baada ya miezi mitatu na kumkuta ameshika, mwalimu alinituliza mimi, si mimi niliyemtuliza yeye. Hadi mwaka huu wa kustaafu, furaha ile haijawahi kupungua hata kidogo. Kama kwenu imekwisha kupungua, ombeni uhamisho.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa. Dawa ya kuogesha ng'ombe, ambayo zamani ilikuja na gari la serikali na kumiminwa joshoni, sasa iliuzwa kwenye chupa, dukani, karibu na mafuta ya taa na chumvi. Kila mtu alikuwa na ruksa ya kuinunua, na maelezo yake yaliandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo wengi walichanganya kwa kukadiria. Majosho yakaota majani. Lakini pia walitokea wanunuzi wa maziwa, watu binafsi wenye baiskeli na madumu, wakaingia mpaka migombani kwa watu kuulizia lita moja moja. Ghafla kila nyumba ilitaka ng'ombe wa maziwa mengi.

Nami nilikuwa na jibu. Jibu langu lilikuwa Friziani, ng'ombe mkubwa wa Kizungu wa maziwa mengi. Nilikuwa na picha ya dume la Friziani niliyoikata kwenye kitabu cha mbegu, nikaivisha nailoni. Kifua cha yule dume kilikuwa kama mlango wa kanisa. Nilimwonyesha kila mfugaji. Mzee Gwakisa alinionya mapema, "Mtamba wa kwanza kuzaa mpe mbegu ya dume dogo, mpe Jezi." Nikasema nimesikia. Lakini moyoni niliona huo ni woga wa wazee. Kwa kuwa vifaa na mbegu nilivibeba mkobani, akina mama wa sokoni walinibandika jina la Dume la Mkoba. "Dume la Mkoba, ughonile?" walinisalimia, nami niliitikia kwa heshima yote iliyokuwa imenibakia.

Aliyenipinga waziwazi alikuwa mmoja tu, Mzee Ambakisye wa Kisiba. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maombi marefu na maneno mafupi, na alifuga dume dogo la kahawia, chotara wa Jezi, ambaye majirani walimletea ng'ombe wao. Jumapili moja baada ya ibada alinisimamisha uwanjani mbele ya watu.

"Bwana Mifugo, Mungu aliumba dume. Wewe umeumba mkoba."

"Mzee, akili ya kutengeneza mkoba ni Mungu aliyeitoa."

"Na dume alimpa nini?"

Watu wakacheka. Mtu mwenye hekima angecheka nao akaenda zake. Mimi ni Mpare. Nilimjibu kwa dakika ishirini, na nilipomaliza uwanja ulikuwa mtupu isipokuwa yeye, aliyenisikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono, akaniambia ndaga.

Sasa nafika kwa Ruksa.

Kikundi cha akina mama wa kanisa Kisiba kilikuwa kimepata mitamba michache kwa utaratibu wa kupitishiana. Aliyepewa mtamba alifuga, na ndama jike wa kwanza alikwenda kwa jina linalofuata kwenye orodha. Wa kwanza kupewa alikuwa Mama Atupele, mjane, watoto wake wote wameoa na kuolewa mbali. Aliyemfuata ni jirani yake Subilaga, mke kijana, ambaye alikwisha kujenga banda na kupanda matete. Banda lake lilikuwa tupu na alilifagia kila siku. Mama Atupele alimwita mtamba wake Ruksa, kwa sababu alifika katika miaka hiyo, na kwa sababu aliingia bustani yoyote aliyoitaka.

Ruksa alipokuwa kwenye joto la kutaka dume mara ya kwanza niliitwa. Nilimkuta Mama Atupele anatoka kukata matete, mzigo bado uko kichwani. Alimwangalia mtamba wake, akasema taratibu, "Nyonga zake nyembamba, Bwana Mifugo. Mama yake naye alikuwa mdogo. Nilikuwa nafikiri lile dume dogo la Mzee Ambakisye. Au tungoje kidogo, akomae."

Nikatoa picha. Nikamweleza lita. Nikamweleza Subilaga na banda lake, jinsi kikundi kizima kitakavyoinuka kwa ndama mmoja wa Friziani. Nikamweleza magonjwa yanayoenezwa na madume ya mtaani, na hilo lilikuwa kweli. Nilisema vizuri, nadhani sijawahi kusema vizuri kama siku ile. Alipoiona picha alisema, "Ndaga." Nilipomaliza hotuba alisema, "Ndaga fijo, Bwana Mifugo," yaani ndaga sana. Nilipovaa glovu alisema ndaga ya tatu, akatua mzigo wake, akashika kamba.

Nikamhimilisha. Nikarudi Tukuyu nikiimba.

Kesho yake Mzee Gwakisa alikuwa anapitia kadi zangu. Akafika kwenye ya Ruksa, akaiweka mezani.

"Mtamba huyu umempa Friziani?"

"Mwenye ng'ombe alikubali, Mzee."

"Alisemaje?"

"Alisema ndaga. Mara tatu."

Akavua miwani. "Ukimpa zawadi Mnyakyusa atasema ndaga. Ukifiwa atakuja kwako, atasema ndaga. Ukimkanyaga ukamwomba radhi, ndaga. Ukimhubiria saa nzima akiwa na mzigo kichwani, ndaga. Maana yake amekuona na anakuheshimu. Ndaga siyo ndiyo, Eliamini."

"Sasa kama alikuwa hataki, angesemaje?"

"Alikwisha kusema. Alikuambia nyonga nyembamba?"

Nikaivuta kadi kwangu.

"Alikuambia," akasema Mzee Gwakisa. "Nenda ukamuulize vizuri. Kama mtamba hakushika, atarudi kwenye joto baada ya wiki tatu, na hapo mtafanya anavyotaka mwenyewe."

Nilikwenda, lakini nilikwenda kama wakili. Nilimuuliza, "Mama, kwani huoni kwamba Friziani ni bora?" Niambieni, mtu anaweza kujibu nini hapo mbele ya mgeni aliyetoka Tukuyu na pikipiki? Akasema ndaga. Nikamwambia Mzee Gwakisa kwamba amethibitisha.

Ruksa akashika mimba. Nilipopima na kumkuta ameshika, Kisiba ilifurahi na mimi nilifurahi kuliko Kisiba. Ningewaficha ukweli kama ningesema kwamba nilikuwa na wasiwasi wowote. Nilikuwa na hakika kama ya mtu anayejua mapambazuko yatakuja. Subilaga alipanda mstari mwingine wa matete. Kila nilipopita, Mzee Ambakisye aliniuliza baba wa ndama anaendeleaje.

Jumatatu moja asubuhi Mzee Ambakisye huyo huyo aliingia ofisini kwetu, amelowa, ameegesha baiskeli mlangoni. Kutoka Kisiba mpaka Tukuyu kwa baiskeli, umri ule, mvua ile.

"Ruksa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri," akasema. "Miguu imetoka. Kichwa hakiji."

Mzee Gwakisa alikuwa Mbeya, amefuata naitrojeni. Nilichukua kamba, sabuni na mafuta, nikampakia Mzee Ambakisye nyuma yangu. Njia nzima nilingoja aseme. Nilikuwa nimekwisha kutayarisha majibu. Alinishika kiuno tu ili asianguke.

Tulimkuta Ruksa amesimama migombani, mgongo umepinda, na akina mama wa kikundi wamemzunguka. Niliingiza mkono. Kichwa kilikuwa mahali pake, lakini kilikuwa kikubwa, na mabega nyuma yake yalikuwa makubwa zaidi. Niliweka kidole mdomoni mwa ndama, akakinyonya. Alikuwa hai. Hapo akili yangu yote ikahama. Nikafunga kamba miguu yote miwili, nikawaita wanaume wanne, nikasema vuteni. Ruksa alilia mlio ambao sijausikia tena kwa ng'ombe yeyote, akapiga magoti.

Niligeuka nikamwona Mama Atupele. Midomo yake ilikuwa inafunguka, na nilijua neno linalokuja. Alikuwa anataka kunipa pole. Alikuwa anataka kuniheshimu hata pale.

"Mama," nikasema kabla hajasema, "usiniambie ndaga. Niambie wewe ungefanyaje."

Alimtazama Mzee Ambakisye, akanitazama mimi. Kisha akasema kama mtu aliyekuwa na maneno hayo mkononi tangu siku ile ya mzigo wa matete.

"Waambie waachie kamba. Mlaze, ubavu wa kulia. Halafu mguu mmoja kwanza, kisha mwingine, mabega yapite kama ya mtu anayetembea. Na usimvute wewe. Ngoja asukume, ndipo uvute. Akipumzika, nawe pumzika."

Vijana, hayo yalikuwa kwenye mtihani wangu wa chuo. Nililijibu swali hilo na nilipata. Mama Atupele hakuwahi kuliona swali lenyewe.

Tukamlaza. Mimi nikashika mguu mmoja, Mzee Ambakisye mwingine, na Mama Atupele, mwenye mikono midogo kuliko yetu, akapaka mafuta kuzunguka kichwa. "Sasa," alisema, tukavuta. "Acheni," alisema, tukaacha. Sijawahi kutii mtu namna ile, hata chuo cha wainjilisti. Bega moja likapita. La pili likapita. Kisha ndama mzima akateleza kwa mara moja mpaka magotini pangu, mweusi na mweupe, mkubwa, na Mzee Ambakisye akamchokonoa pua kwa bua mpaka akapiga chafya. Alikuwa jike. Subilaga alijifunika uso kwa kanga. Mimi nilirukaruka kwenye matope, mtu mzima, mhimilishaji wa serikali.

Kisha tukamwambia Ruksa asimame, na Ruksa hakusimama.

Mishipa ya fahamu ya nyonga ilikuwa imebanwa na ndama kwa saa nyingi. Miguu ya mbele ilijaribu, ya nyuma ikatawanyika kama si yake. Nilijua maana yake. Ng'ombe wa namna hiyo akisimama ndani ya siku chache, atapona. Asiposimama, ni kisu. Na utaratibu wa kikundi ulikuwa wazi, ndama ni wa Subilaga. Ruksa akifa, mjane aliyeniambia ukweli angebaki na kamba tupu, kwa sababu yangu.

Subilaga alikuwa wa kwanza kusema. "Mama Atupele, ndama abaki kwako. Mimi nitangoja."

"Orodha ni orodha," akasema Mama Atupele. "Ruksa asimame au asisimame, ndama ni wako. Nilimwahidi Mungu, sikumwahidi ng'ombe."

Nikaona siwezi kuondoka pale bila kusema. Watu walikuwa bado wamekusanyika. Nikasema, "Mtamba huyu hakufaa kupewa Friziani. Mama aliniambia, nami sikumsikia. Niliuliza maswali ili nijibiwe ninavyotaka. Kosa ni langu, si la mkoba."

"Hata la mkoba kidogo," akasema Mzee Ambakisye.

"Hapo, Mzee, bado tunatofautiana."

"Haya, tofautiana. Lakini shika huu mguu wa nyuma, tumgeuze."

Tulimgeuza kwa zamu, kila baada ya saa chache, ili asilalie ubavu mmoja. Tulimtandikia majani makavu ya migomba mpaka yakafika kimo cha godoro. Tulifunga miguu ya nyuma kwa kitambaa laini ili isitawanyike, tukamkanda kwa maji ya moto. Nililala kwa Mzee Ambakisye, na kila jioni baada ya chakula tulipiga magoti pamoja. Alimwombea Ruksa, akamwombea Subilaga, kisha akaniombea mimi, "huyu kijana wa Upare mwenye sauti kubwa." Nilisema amina, nayo ilitoka kweli moyoni.

Na tulibishana. Msidhani tuliacha kubishana. Tulibishana juu ya mgongo wa Ruksa, yeye upande ule mimi upande huu. Ila ulikuwa ubishi wa aina nyingine, kwa sababu mikono yetu ilikuwa inafanya kazi moja.

"Mkoba wako," aliniambia, "naitrojeni ikichelewa Mbeya, uko wapi? Dume langu yupo kila siku. Na mimi namjua. Nawajua watoto wake. Wewe baba wa ndama huyu unamjua kwa picha."

Ilikuwa kweli, na sikuwa nimewahi kumwachia nafasi ya kuisema. Nami nikamweleza taratibu kuhusu ule ugonjwa wa kutupa mimba, jinsi dume mmoja anavyoweza kuubeba kutoka nyumba moja hadi nyingine bila yeye mwenyewe kuonyesha dalili. Zamani nilimwambia jambo hilo kwa kumshinda. Safari hii nilimwambia kama ningemwambia baba yangu.

"Anapimwaje?" akauliza.

"Damu kidogo tu, Mzee."

"Basi mpime."

Siku ya nne asubuhi Mama Atupele alikuja na mzigo wa matete, akauweka hatua mbili mbele ya pua ya Ruksa, mbali kidogo na anapofika. Hakumwita. Alikaa tu. Ruksa akanyoosha shingo, hakufikia. Akainua sehemu ya nyuma, kwanza kidogo, kisha yote, ikitetemeka kama meza yenye mguu mfupi. Akainua ya mbele. Akasimama. Akapiga hatua moja, ya pili, akala matete. Mzee Ambakisye alivua kofia. Mimi nawaandikia haya miaka mingi baadaye huku moyo unanidunda kana kwamba bado yuko katikati ya kusimama.

Dume la Mzee Ambakisye nilimtoa damu, na majibu yaliporudi alikuwa safi. Nilimpelekea mwenyewe karatasi. Ndama alipofikia umri wa kuachishwa alikwenda kwa Subilaga, na banda likapata mwenyewe.

Mimi nilirudi ofisini nikachukua rula, nikachora mstari mmoja chini ya kila kadi ya uhimilishaji: "Mwenye ng'ombe anasemaje." Mzee Gwakisa aliutazama, akasema, "Mfupi huo. Ongeza wa pili." Ndiyo sababu kadi zangu zote mlizorithi zina mistari miwili ambayo haikuchapwa na idara. Na ushauri wangu mmoja kwenu ni huu: mkifika kwa mfugaji, jazeni mistari hiyo kabla ya kuvaa glovu. Mkiivaa, watu wa hapa wana adabu sana, hawatawaambia mvue.

Imani yangu kuhusu mkoba haikubadilika. Niliendelea kuuhubiri Kinyala, Kisiba, Bagamoyo na kila mahali, na nitauhubiri mkinipa nafasi kwenye mazishi yangu. Friziani kwa ng'ombe mkubwa ni jambo jema. Ndama wa Ruksa alipokua, Subilaga alilazimika kutafuta ndoo kubwa zaidi. Mzee Ambakisye alikwenda kuona maziwa hayo, akayasifu, akaongeza kwamba hata hivyo yule ng'ombe ni yatima wa baba.

Ruksa alirudi kwenye joto miezi kadhaa baada ya kuzaa. Mama Atupele akaniita. Nilibeba mbegu ya Jezi, dume dogo, chaguo sahihi kabisa kwa ng'ombe yule, na hadi leo naamini hivyo. Nilimweleza kwa dakika tano. Nilizipima kwa saa. Kisha nikamuuliza anaonaje, nikafunga mdomo. Kazini kwangu hakuna jambo gumu kuliko hilo, hata kile kizazi cha ndoo ni rahisi. Alifikiri. Kuku walipita. Alifikiri tena.

"Nimesikia, na umesema vizuri," akasema. "Lakini safari hii nataka dume la Mzee Ambakisye."

"Mimi bado naona mkoba ni bora, Mama."

"Najua. Mimi nataka dume."

Ningeweza kupanda pikipiki nikaondoka. Kazi yangu ilikuwa mkoba, na kupeleka ng'ombe kwa dume si kazi ya mhimilishaji. Lakini Ruksa alikuwa bado na mguu wa nyuma uliokakamaa kidogo, njia ilikuwa ya utelezi, na Mama Atupele alikuwa peke yake. Nikauacha mkoba kibarazani kwake, nikachukua kamba.

Tulipita katikati ya nyumba za watu, mimi mbele, Ruksa nyuma yangu, Mama Atupele mwisho. Wakatoka milangoni. Mwanamke mmoja akamwita mwenzake aje aone, Dume la Mkoba leo anampeleka bibi harusi kwa mwingine. Nilicheka nao. Nilicheka kweli, tena kwa sauti, na sikumjibu mtu hata kwa dakika moja.

Mzee Ambakisye alikuwa anasafisha banda. Alituona, akaegemea koleo.

"Bwana Mifugo, umetubu?"

"Sijatubu hata kidogo, Mzee. Bado naamini mkoba."

"Na mimi bado naamini dume."

"Najua."

"Basi fungua lango. Mikono yangu ina matope."

Nikafungua. Ruksa akaingia bila kugeuka kunitazama.